NYUMBA BORA: Fremu ya Dirisha na Lipu

Mwezi huu tuzungumze juu ya dirisha la ubao linalofunguka kwa ndani.

Wengi wetu husimamisha fremu ikiwa sawa na uso wa tofali. Baadaye hupiga lipu. Lipu huongeza unene wa ukuta, na fremu huzama nyuma yake. Ukifungua dirisha, ubao hugonga lipu. Haufiki ukutani. Ukiusukuma kwa nguvu, bawaba hung'oka na ubao hupasuka. Fedha yako imepotea.

Basi pima kwanza. Lipu ya sentimeta 2 hutosha. Kwa hiyo fremu itokeze ndani ya chumba kwa sentimeta 2 kupita tofali. Usikisie kwa macho. Kata vipande viwili vya ubao vyenye unene huo. Kimoja kiwe mwisho huu wa ukuta, kingine mwisho ule. Vuta kamba juu yake. Uso wa fremu uiguse kamba. Tumia timazi, fremu isilale. Iegemeze kwa miti mpaka ishike.

Mwashi atasema hiyo ni kazi ya seremala. Seremala atasema ni ya mwashi. Wewe mwenye nyumba simama hapo na kamba yako.

Sasa tazama nje. Fremu ikiwa ndani, chini ya dirisha hubaki ukingo mpana. Maji ya mvua hutuama hapo. Uteremshe kuelekea nje. Kama ukuta ni wa tofali mbichi, panga tofali za kuchoma kwenye ukingo huo.