Mbio Haziisubiri Televisheni

Na Idrisa Mkumbukwa

Katika michezo mingi inayorushwa moja kwa moja, tangazo la biashara hupata nafasi yake bila kuuvuruga mchezo wenyewe, kwa kuwa mpira wa miguu una mapumziko baada ya dakika 45, tenisi ina muda wa wachezaji kubadilishana pande, na ndondi ina dakika moja baina ya raundi. Mbio za magari za uwanjani, yaani zile ambazo magari yote huanza pamoja na kuzunguka njia moja mpaka umbali uliowekwa utimie, kwa asili yake hazina nafasi ya namna hiyo. Kituo cha televisheni kinachoishi kwa fedha za matangazo hulazimika kuyaacha magari yakiendelea kushindana ili kionyeshe bima, bia na dawa ya mafua, na uamuzi wa lini kufanya hivyo hutegemea kubahatisha, kwa sababu hakuna anayejua ajali au pambano litatokea dakika gani.

Ukubwa wa hasara hutofautiana kwa kadiri ya urefu wa njia. Huko Bristol, katika jimbo la Tennessee nchini Marekani, uwanja una urefu wa nusu maili na kidogo zaidi, na gari hukamilisha mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 16, hivyo matangazo ya dakika mbili humeza mizunguko saba. Hata hivyo, hesabu ya mizunguko haielezi hasara yote. Dereva anaweza kumtangulia mpinzani wake bila kumpita barabarani, kwa kuwahi kuingia kwa mafundi wake, kubadilishiwa matairi, kisha kutumia wepesi wa matairi hayo mapya ili mpinzani naye atakapokuja kusimama arudi njiani akiwa nyuma. Hila hiyo huamuliwa kwa sekunde chache, na mtazamaji aliyekuwa akionyeshwa dawa ya mafua hurudi na kuukuta mpangilio wa magari umebadilika pasipo kisa wala sababu.

Mfano unaokumbukwa zaidi ulitokea Aprili 2005 huko Imola, Italia, katika mbio za langalanga, yaani Formula One, zilizoitwa San Marino Grand Prix. Michael Schumacher wa Ferrari, aliyeanzia nafasi ya 13, alikuwa amemfikia Fernando Alonso wa Renault na kumganda mzunguko baada ya mzunguko, gari lake likionekana wazi kuwa na kasi kubwa zaidi huku Alonso akimzibia kila upenyo. Ikiwa imebaki mizunguko michache tu, kituo cha ITV cha Uingereza kikakata picha na kwenda kwenye matangazo. Alonso alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.215. ITV iliomba radhi, na Ofcom, mamlaka inayosimamia utangazaji nchini humo, ikaamua kwamba kanuni zilikiukwa. Watazamaji wa Uingereza walikuwa na sababu ya ziada ya kuona uchungu, kwani hadi mwaka 1996 mbio hizo zilionyeshwa na BBC, shirika linaloendeshwa kwa ada ya leseni na lisilorusha matangazo ya biashara kwa watazamaji wa nyumbani.

Nchini Marekani, ambako desturi ya matangazo ina mizizi mirefu zaidi, tiba mbili zimejaribiwa. Ya kwanza ni kuigawa skrini, tangazo likae upande mmoja na mbio zibaki upande wa pili, utaratibu ulioanza kuonekana katika mbio za IndyCar mwaka 2005. Tiba hiyo ni nafuu, lakini ni nafuu ya jicho peke yake, kwa kuwa sikio hubaki mali ya mfanyabiashara. Picha ya gari moja likilipita jingine haina maana kamili bila mtangazaji wa kueleza kama lililopitwa lilikuwa likigombea nafasi ileile au limekwisha kuachwa mzunguko mzima.

Tiba ya pili iliugusa mchezo wenyewe. Mwaka 2017 NASCAR, chombo kilichoanzishwa mwaka 1948 kusimamia mbio za magari yanayofanana kwa umbo na magari ya kawaida, kiligawa mbio zake katika hatua, kwa kawaida tatu, kila hatua ikiwa na pointi zake na ikifuatiwa na bendera ya njano, ambayo huyaamuru magari yaende polepole bila kupitana. Wakati huo wa polepole ndio matangazo hupata pa kuingilia. Mashabiki wa Safari Rally nchini Kenya wanaweza kuuona utaratibu huu kuwa wa kawaida, lakini rali imegawanyika katika hatua kwa maumbile yake, kila gari likikimbia peke yake dhidi ya saa, na tangazo linaweza kupita huku vumbi la Naivasha likitua. Katika mbio za uwanjani, bendera inayopepea bila ajali wala hatari yoyote humnyang'anya aliyeongoza pengo alilolitafuta kwa saa nzima. Ubaya zaidi ni kwamba matangazo ya katikati ya mbio hayakukoma. Mashabiki walipewa hatua, na dakika za kukosa wakabaki nazo.

Safu hii inaona kwamba wauzaji wa matangazo katika mchezo huu wanasahau bidhaa iliyo mkononi mwao. Gari la mbio ni tangazo linalokimbia. Tangu mwaka 1972, Richard Petty alipoanza kuendesha gari lenye nembo kubwa ya STP, kampuni ya vilainishi na dawa za injini, gari na mdhamini wake vimekuwa vigumu kutenganishwa machoni pa mashabiki. Kuyaondoa magari kwenye skrini ili kuonyesha matangazo ni kuwaficha wadhamini waliokwisha kulipa kwa ajili ya wengine wanaolipa sasa.

Njia nyingine ipo. ESPN, kituo cha michezo cha Marekani, iliporudisha langalanga kwenye chaneli zake mwaka 2018, iliona mapema msimu huo kwamba ni bora kuzionyesha mbio bila kukatiza, gharama ikibebwa na Mothers, watengenezaji wa dawa za kung'arisha magari, na wastani wa watazamaji ukapanda kutoka takriban 550,000 mwaka huo hadi zaidi ya milioni 1 mwaka 2022, ingawa filamu za mfululizo za Netflix kuhusu mchezo huo nazo zilichangia. NASCAR haiwezi kuiga jambo hilo kwa urahisi, kwa kuwa mkataba wake wa haki za kurusha wa mwaka 2025 hadi 2031 una thamani ya dola bilioni 7.7, na fedha hizo lazima zirudi kwa njia fulani. Linalowezekana ni sharti la mkataba kwamba katika hatua ya mwisho skrini isichukuliwe nzima, na sauti ya watangazaji isizimwe, hata ikiwa vituo vitalazimika kujaza zaidi dakika za bendera ya njano.