Usaili wa Karatu Uanzie Kwenye Kazi Yenyewe

Kwa anayetoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu, Karatu ndio mji mkubwa wa mwisho kabla ya lango la Lodoare na Hifadhi ya Ngorongoro. Wageni wanalala hapa, magari yanajazwa mafuta hapa, na wapishi wa kambi wananunua mboga hapa. Mji umejaa biashara za watu wachache: nyumba za wageni, kambi za mahema, migahawa, gereji, kampuni za safari zenye magari mawili au matatu. Mvua za masika zikianza kukatika mwezi Mei, wenye biashara hizo wanatafuta watu kwa haraka ili Juni iwakute tayari. Haraka hiyo ndiyo inayoharibu usaili.

Maswali yanajulikana. Jieleze kidogo. Una uzoefu wa miaka mingapi? Unaweza kazi? Wewe ni mwaminifu? Kijana aliyefunzwa kutoa shikamoo kabla ya kuketi atajibu nini zaidi ya "Ndiyo, mzee"? Amejibu kwa heshima, na mwajiri hajajua lolote. Vijana wengi, wawe wa Rhotia, Mbulumbulu au Endulen, wamelelewa kuona kujisifu mbele ya mkubwa ni kukosa adabu. Ukimtaka ataje ubora wake, atainama. Mwenye maneno mengi atachukua nafasi, na baada ya wiki mbili mwenye kambi atalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawafai.

Kijana huyohuyo akiulizwa alichokitenda siku fulani, ulimi unafunguka, kwa sababu kusimulia tukio si kujisifu. "Niambie siku mgeni alipokasirika ukiwa zamu. Ilikuwaje? Ulifanya nini kwanza?" Asiyewahi kuajiriwa aulizwe kuhusu harusi aliyosaidia kupika, au shamba la vitunguu la Mangola alilosimamia vibarua. Kazi ni kazi, hata kama haikuwa na barua ya ajira.

Kwa dereva wa watalii, swali zuri kuliko yote liko ndani ya Kreta ya Ngorongoro. Magari yanatakiwa yawe yametoka ifikapo saa kumi na mbili jioni. Tuseme imebaki saa moja, faru ameonekana kwa mbali kwenye majani, na wageni waliosafiri kutoka bara jingine wanamsihi dereva asubiri kidogo tu hadi faru asogee. Barabara ya kupandia ya Lerai bado iko mbele. Atafanya nini, na atawaambia wageni maneno gani? Mwombaji akijibu, mwajiri atasikia kama anazijua kanuni za hifadhi, kama anaweza kumkatalia mgeni bila kumuudhi, na kama tamaa ya bakshishi inaweza kumshinda. Miaka kumi iliyoandikwa kwenye wasifu haiwezi kusema hayo.

Utafiti unaunga mkono jambo hili. Mwaka 2022 mwanasaikolojia Paul Sackett wa Marekani na wenzake walipitia upya ushahidi wa miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Usaili uliopangwa, wenye maswali yaleyale kwa kila mwombaji na majibu kupimwa kwa kigezo kimoja, ulishika nafasi ya juu kabisa katika kutabiri utendaji. Idadi ya miaka ya uzoefu ilikuwa karibu na mkia. Mwenye mgahawa wa Karatu hahitaji ofisi ya rasilimali watu ili afanye hivyo. Anahitaji daftari, maswali matano yaliyoandikwa kabla, na alama anazoweka mara tu mwombaji anapotoka, kabla ya wa pili kuingia.

Lugha nayo ifuate kazi. Wa mapokezi apimwe Kiingereza, tena kwa kumpokea mgeni, si kwa kueleza maisha yake. Wa kufua mashuka asailiwe kwa Kiswahili.

Yapo pia maswali ya kuachwa kabisa. Umeolewa? Una mimba? Wewe kabila gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Wilaya hii ina Wairaqw, Wabarbaig, Wahadzabe, Wamasai na wageni wa kila mkoa; kuajiri kwa jina la ukoo kunawafungia mlango watu wazuri.

Pengo kwenye wasifu lisihukumiwe upesi. Aprili 2020 Tanzania ilisitisha safari za ndege za abiria kutoka nje, na hata zilipofunguliwa Mei watalii hawakurudi mara moja. Mpishi aliyekaa nyumbani wakati huo hakuwa mvivu. Kila mwaka pia zipo kambi zinazofunga Aprili na Mei, hivyo kuhama kazi mara kwa mara kunaweza kuwa ni kalenda ya mvua tu. Aulizwe alivyoishi miezi hiyo. Aliyeuza maandazi stendi amejifunza biashara.

Maswali yakiisha, mwombaji apewe kazi kidogo mbele ya macho: atandike kitanda, akague tairi na jeki, apike chakula cha asiyekula nyama. Likiwa jaribio la siku nzima, alipwe. Kumfanyisha mtu kazi bure kwa jina la majaribio ni dhuluma, na mji huu mdogo hausahau.

Kisha zamu ya kuuliza iwe yake. Atataka kujua kama Aprili kuna mshahara, kama bakshishi zinagawanywa na jikoni, kama likizo ipo. Ajibiwe kweli papo hapo, kwa sababu Sheria hiyohiyo ya Ajira inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi kwa maandishi maelezo ya kazi, saa na malipo yake anapoanza.