Taa ya Tangi la Samaki: Tuitazame Balasti Kabla ya Mrija



Si chache nyumba zetu hapa Uingereza zenye tangi la samaki sebuleni. Mengi ya matangi hayo hununuliwa yakiwa yamekwisha kutumika, au hupokewa kwa jirani anayehama, pamoja na kifuniko chake chenye taa ya mrija, ile tuliyozoea nyumbani kuiita tyubulaiti. Baadhi ya wazazi wametuuliza kwa nini mimea ya tangi hufifia ilhali taa inawaka. Wengine, kwa nini mrija mpya huingia weusi kwenye ncha baada ya muda mfupi tu. Mara nyingi maswali haya mawili hutupeleka mahali pamoja, kwenye kijisanduku ambacho wengi hawakitazami kamwe, yaani balasti.

Mrija wenyewe ni chombo kisichojua kujizuia. Ndani yake mna gesi ya argoni na zebaki kidogo sana. Umeme upitapo, mvuke wa zebaki hutoa miale ya urujuanimno isiyoonekana kwa macho, na unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo huigeuza miale hiyo kuwa nuru. Lakini kadiri mkondo wa umeme unavyozidi, ndivyo mvuke huo unavyozidi kuufungulia njia. Mrija ungeunganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, ungevuta mkondo hadi uharibike. Balasti ndiyo lijamu yake: huamua mkondo upite kiasi gani, na kwa hiyo nuru itoke kiasi gani.

Balasti ya kale ndiyo ile ambayo mafundi wetu wa Afrika Mashariki huiita choki, waya wa shaba uliozungushwa kwenye kipande cha chuma, ukisaidiwa na stata. Ni nzito, huvuma, na hupata moto. Kwa kuwa umeme wa hapa huenda mizunguko 50 kwa sekunde, taa ya choki hupepesa mara 100 kwa sekunde. Balasti ya kielektroniki huusukuma mkondo kwa maelfu mengi ya mizunguko kwa sekunde, na hapo mrija hufanya kazi vizuri zaidi. Mrija wa T8 ulioandikwa wati 36 ukiwa kwenye balasti ya namna hiyo hutoa takriban lumeni 3,350 kwa wati 32 tu; kwenye choki hula wati zake zote 36, na choki yenyewe hupoteza wati kadhaa nyingine kama joto. Anayelipa umeme kwa kadi ataiona tofauti hiyo mwisho wa mwezi.

Hatari kubwa zaidi imo katika mirija myembamba ya T5. (Tarakimu hiyo huhesabu unene kwa sehemu za nane za inchi: T8 ni inchi moja kamili, T5 ni milimita 16.) Ipo mirija miwili ya T5 yenye urefu uleule, karibu sentimita 115, na pini zilezile, ambayo mmoja ni wa wati 28 na mwingine wa wati 54. Wa kwanza umeundwa kwa mkondo wa miliampia 170, wa pili 460. Yote miwili huingia kwenye kishikio kimoja bila kukataa. Ule wa wati 28 ukitiwa kwenye balasti ya wati 54 utang'aa kwa fahari, kisha ncha zake zitaungua upesi. Ule wa wati 54 ukitiwa kwenye balasti ya wati 28 utawaka kwa unyonge, kama utawaka, nayo mimea itakufa njaa ya mwanga huku mwenye tangi akilaumu udongo. Kwa hiyo chomoeni waya ukutani kwanza, someni maandishi ya balasti, ndipo mwende dukani.

Lumeni nazo zina kasoro yake. Kipimo hicho kiliwekwa kufuata jicho la binadamu, ambalo hupendelea rangi ya kijani. Mmea hutumia sana nyekundu na buluu. Mirija miwili yenye lumeni sawa huweza kuulisha mmea kwa viwango tofauti. Kwa tangi la maji baridi lenye mimea, mrija wa kelvini 6,500, ulio karibu na nuru ya mchana, ni chaguo jema. Anubias, mmea wenye asili ya Afrika ya Magharibi na ya Kati, huridhika na mwanga hafifu. Samaki wa Ziwa Tanganyika wa jamii ya Tropheus, ndugu wa mbali wa perege, hula mwani uotao juu ya miamba, hivyo kwao mwanga ni chakula pia. Isitoshe, maji magumu ya London, yanayotuudhi kwenye birika, huwafaa samaki hao. Ubaya wake ni chokaa inayoganda juu ya kioo cha kifuniko na kuiba nuru. Ifuteni kila wiki.

Tangu tarehe 1 Februari 2024 mirija mipya ya kawaida ya T5 na T8 hairuhusiwi kuingizwa sokoni hapa. Huuzwa akiba iliyokwisha kuwamo. Wengi watahamia mirija ya LED, na hapa balasti inarudi tena. Kwenye taa ya choki, mrija wa LED wa aina hiyo huja na stata yake maalumu ya kuwekwa mahali pa ile ya zamani. Kwenye balasti ya kielektroniki, mrija lazima uwe umetajwa kuwa unapatana nayo, ama sivyo fundi umeme aiondoe balasti. Mrija wa kuangazia ukumbi si lazima uvumilie mvuke wa maji, ulizeni. Waya uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yadondoke sakafuni, na balasti ikae mbali na maji. Watoto wasitie mikono majini taa ikiwa imewashwa.

Mrija uliokufa hautupwi kwenye pipa la nyumbani, kwa sababu ya ile zebaki. Upelekwe kituo cha taka cha halmashauri. Ukivunjika, watoeni watoto chumbani, fungueni madirisha kwa robo saa au zaidi, kusanyeni vipande kwa karatasi ngumu, na msitumie mashine ya kuvuta vumbi.