Maandishi Madogo Si Kosa la Linux

Laptop za mtumba zenye vioo vya pikseli nyingi sasa zinauzwa Mwanjelwa, Mbeya, na hata Iringa mjini. Pamoja nazo yanatembea maneno yanayowapotosha wanafunzi.

“Linux haiviwezi vioo hivi.” Si kweli. Kioo cha inchi 13.3 chenye pikseli 3200 kwa 1800 kina nukta kama 276 kwa inchi, ilhali kipimo cha kawaida cha maandishi kwenye Linux ni 96. Isipokuzwa, herufi itatoka karibu theluthi ya ukubwa wake. Dawa ni kuikuza.

“Shusha rezolusheni iwe 1920 kwa 1080.” Ushauri huu ndio unaoniuma zaidi, maana fundi huutoa haraka na mteja huondoka ameridhika. Nukta za kioo hazibadiliki. Pikseli moja ya picha inapaswa kuenea kwenye nukta 1.67, na nukta haikatwi, kwa hiyo rangi za jirani zinachanganywa. Itazame herufi m kwa karibu: mguu mmoja mweusi, wa pili kijivu, kingo zimefifia. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) anayekesha akiandika programu anachosha macho kwenye kioo alichokilipia kwa sababu ya ukali wake. Rezolusheni ya asili iachwe. Kinachobadilishwa ni skeli, yaani kiwango cha kukuza maandishi na alama.

“Skeli ni asilimia 100 au 200 tu.” Zamani, ndiyo. Mazingira ya eneo-kazi ya GNOME, toleo la 3.32 la mwaka 2019, yalileta skeli za katikati kwa majaribio, na Ubuntu 20.04 ikaziwekea swichi kwenye mipangilio ya skrini. KDE Plasma na Cinnamon ya Linux Mint 20 zinazo pia. Kwa XFCE, fungua mipangilio ya fonti, uweke DPI (nukta kwa inchi) 144 badala ya 96: maandishi yanakua mara moja na nusu. Paneli utaikuza mwenyewe.

“Asilimia 150 inaelemea mashine.” Hapa wana hoja. Mara nyingi GNOME huchora kwa 200 kisha hupunguza, na kadi dhaifu ya picha huhisi mzigo huo. Programu za zamani zinazopitia XWayland, daraja la kuziendesha kwenye mfumo mpya wa skrini wa Wayland, nazo huweza kufifia. Kwa mashine hiyo, baki na 100 na ukuze fonti peke yake.

“Ukiunganisha projekta, kila kitu kinavurugika.” Kwenye X11, mfumo wa zamani wa skrini, mara nyingi skeli moja hutawala skrini zote. Wayland huipa kila skrini yake: laptop 200, projekta 100. Unapoingia kwenye GNOME, bonyeza alama ya gia, kama ipo, kabla ya kuthibitisha nywila, uchague Wayland, na ujaribu kabla wasikilizaji hawajakaa.