Wimbi Halina Jina

Magazeti yana dhulma moja isiyosemwa: huwavua watu ngeli yao. Mwaka 2015, watu zaidi ya milioni moja walipovuka bahari kuingia Ulaya, wengi wao wakikimbia vita vya Syria, waandishi wa huko walijaza kurasa mawimbi na mafuriko, na wafasiri wa Kiswahili wakayapokea yalivyo. "Wimbi la wakimbizi limezuiwa." Msomaji naatazame sarufi: aliyezuiwa ni mtu, kiambishi ni cha maji. Nani atayaonea maji huruma?

Upande wa pili huandikwa "Brussels imeshindwa." Mji haupigi kura. Tarehe 22 Septemba 2015 mawaziri wa Umoja wa Ulaya walipitisha, kwa wingi wa kura, mgawo wa wakimbizi 120,000 waliokuwa Italia na Ugiriki. Hungary, Czech, Slovakia na Romania zikapinga. Pamoja na 40,000 wa kabla yake, ahadi ikawa 160,000 kwa miaka miwili. Muda ulipomalizika mwaka 2017, waliohamishwa hawakutimia 30,000. Hungary na Poland hazikumpokea hata mmoja.

Basi nani aliyeshindwa? Kamisheni ilipendekeza, Bunge likaunga mkono, na Mahakama ya Ulaya ikahukumu tarehe 2 Aprili 2020 kwamba Poland, Hungary na Czech zilivunja sheria. Wenye kukaidi walikuwa serikali zenye mawaziri na majina yao. Nao, kila gazeti lilipoilaumu "Brussels", walipata kichaka cha kujifichia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na gazeti lisilomtaja aliyeukataa humsaidia kuutua.

Mhariri atajitetea kwamba kichwa cha habari hakina nafasi. Udhuru huo hausimami mbele ya watu wa tungo. "Wakimbizi wazuiwa, mawaziri wamegoma": mizani minane, mizani minane, mshororo mmoja timamu, na kila mtu yumo ndani yake na kiambishi chake.

Pwani hii haihitaji kufundishwa na Ulaya. Wapemba waliovuka hadi Shimoni mwaka 2001, baada ya mauaji ya Januari, hawakuwa wimbi. Walikuwa watu, na waliowakimbiza walikuwa watu pia. Gazeti linaloficha la kwanza limeshaficha na la pili.