Mtoto Apimwe Uzito, Mama Apimwe Presha

Mwanamke akijifungua salama tunapiga vigelegele, tunauliza ni wa kike au wa kiume, kisha macho yote yanahamia kwa mtoto. Mzazi anapikiwa mtori na kukandwa maji ya moto. Akilalamika kwamba anahema akitembea hatua chache, anaambiwa ni uchovu wa uzazi, arobaini ikifika utakwisha. Mara nyingi huwa kweli. Nawaandikia kwa ajili ya zile mara ambazo si kweli.

Mimba huutwisha moyo mzigo mkubwa. Damu ya mjamzito huongezeka kwa karibu nusu, na moyo hulazimika kuisukuma yote usiku na mchana, kwa miezi. Tena mzigo huo hautuliwi siku ya kujifungua. Maji yaliyojikusanya mwilini hurudi kwenye mishipa, na presha huweza kupanda siku kadhaa baada ya kujifungua, mama akiwa ameshatoka hospitali na ndugu wameshatulia.

Katika kipindi hicho wapo wanaopata mshtuko wa moyo: mshipa unaoulisha moyo unashindwa kupitisha damu. Kwa mjamzito au mzazi, mara nyingi si mafuta yaliyoziba mshipa bali ni ukuta wake wa ndani uliochanika. Ndiyo maana balaa hili humkuta hata dada mwembamba wa miaka thelathini na kitu, asiyevuta sigara wala kuugua kisukari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018, uliopitia kumbukumbu za hospitali za nchi hiyo kuanzia 2002 hadi 2014, ulikuta mshtuko mmoja katika kila safari 12,400 hivi za wajawazito na wazazi kulazwa. Ni wachache, nakubali. Lakini zaidi ya nusu yao walipatwa baada ya kujifungua, wakati sisi tumeshahesabu kwamba mama amevuka.

Afrika tuna jingine la kuhofia zaidi, nalo ni misuli ya moyo kulegea na moyo kutanuka, kuanzia mwishoni mwa mimba hadi miezi mitano hivi baada ya kujifungua. Kaskazini mwa Nigeria ni miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani. Zamani madaktari wa Zaria, mji wa huko, walizinyooshea kidole mila za Wahausa: mzazi kuogeshwa maji ya moto, kulazwa kwenye kitanda cha udongo chenye moto chini yake, na kunyweshwa uji wenye kanwa, yaani magadi, kwa siku arobaini. Maelezo hayo yalikubalika kwa miaka mingi. Baadaye watafiti wa Nigeria hiyohiyo waliwalinganisha wagonjwa na wazazi wazima, na mila hizo hazikuonekana kuwa ndizo chanzo. Kilichojitokeza ni kukosa elimu, kukosa kazi, uzito mdogo na presha ya mimba. Naileta habari hii makusudi, kwa sababu kwetu nako mzazi akidhoofika tunaanza kumtafuta wa kulaumiwa: bibi aliyemkanda, wifi mwenye jicho baya, jirani. Siku zinapita katika mashauri hayo, na moyo unazidi kuchoka.

Sasa, tufanye nini? Ninalo ombi moja kubwa. Mama Mtanzania humpeleka mtoto kliniki kwa chanjo akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14, na huendelea kumpeleka kupimwa uzito. Miezi hiyo ya mwanzo ndiyo hasa miezi ya hatari niliyoitaja. Mama anafika kwa miguu yake, anapanga foleni, anasimama mbele ya nesi, na mara nyingi mzani unamsoma mtoto peke yake. Tudai kwamba kila mtoto anapopimwa uzito, mama naye afungwe mashine ya presha. Ni kazi ya dakika chache. Tuliseme kwenye mikutano ya mtaa na ya kijiji, kwenye kamati za afya za zahanati, na diwani akija kuomba kura asiondoke bila kulijibu. Zahanati isiyo na mashine nzima ya presha isisubiri bajeti ya mwakani. Kikoba kimoja chenye nia, msikiti au jumuiya ya kanisa inaweza kuinunua. Tunachangia sherehe za harusi kwa fedha nyingi kuliko hizo.

Nyumbani nako kuna kazi, na hapa nasema na waume, mama wakwe na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Mzazi asiyeweza kulala mpaka aegemee mito, anayekohoa usiku, ambaye miguu yake inazidi kuvimba badala ya kunywea, au moyo wake unamwenda mbio akiwa ameketi, huyo apelekwe hospitali. Presha ya 140 kwa 90 au zaidi si ya kusubiri. Kifua kikimbana, maumivu yakapanda begani, mgongoni au kwenye taya, jasho la baridi likamtoka, msianze kubishana kama ni kiungulia. Pigeni 115, namba ya bure ya mpango wa m-mama, unaosafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanapopata dharura. Mkifika, semeni mapema kabisa kwamba amejifungua karibuni, na ombeni moyo upimwe.

Nanyi dada zangu mliowahi kupata kifafa cha mimba au presha ya mimba, hata kama ni miaka kumi iliyopita: hatari yenu ya kuugua moyo baadaye ni takriban maradufu ya wenzenu. Tunzeni kadi ya kliniki, mpimwe presha kila mwaka, na kila daktari mnayekutana naye aambiwe.

Kliniki ijayo usisubiri waraka wa wizara. Mtoto akishateremka kwenye mzani, mwambie nesi: na mimi nipime presha.