Kisima Kina Mafuta, Msikizime

Mimi ni mzaliwa wa Likoni, na huu ni mwaka wa 11 nikizungukia visima vya mafuta karibu na Odessa, magharibi ya Texas. Nikifika kisimani alfajiri, kabla ya kugusa chochote nasikiliza jinsi mashine inavyoinua na kuinamisha kichwa. Kisha nasogeza kiganja karibu na mipira ya kuzuia mvujo kwenye mdomo wa kisima. Ikiwa ya moto, inanuka kuungua, najua mafuta hayapandi kuilainisha. Huenda huko chini pampu inameza gesi.

Aliyewahi kuziba tundu la pampu ya baiskeli kwa kidole anaijua shida hii. Pampu ya kisima ina vali mbili, kama ile ya maji ya mkono kijijini. Pistoni ikipanda, vali ya chini huingiza mafuta. Ikishuka, vali ya juu huyapitisha. Lakini silinda ikijaa gesi, pistoni huibana tu, na vali ya juu haifunguki kwa uzito wa mafuta yaliyoikalia. Ikipanda tena, gesi hutanuka na kuikaba vali ya chini. Mashine inakula umeme siku nzima bila kutoa hata kibaba.

Kinachoniuma ni haraka ya kuzima. Kompyuta inaona pampu haijai, inaamua kisima kimekauka, inasimamisha mashine. Kisima kimoja nilichokihudumia kilibadilishiwa pampu mara 3 kwa mwaka, na kila ilipofunguliwa karakanani vali zilikuwa safi. Mchoro wa mzigo ulikuwa ukisema kila siku: kisima kikiwa kikavu mstari huanguka ghafla, kikiwa na gesi huteremka kwa kujipinda. Hakuna aliyeutazama. Nikaomba tukipime kwa sauti. Tulifyatua mshindo wa gesi pembeni mwa bomba la mafuta, tukahesabu mwangwi wa viungo, kila bomba kama mita 9. Mafuta, povu na yote, yalikuwa yamesimama juu kabisa ya pampu. Miezi yote ile tulikuwa tukizima kisima chenye mafuta!

Wapo wanaosema, "Shusha fito zinazoendesha pampu, pampu igonge chini, vali itafunguka." Hufunguka, ndiyo, mara nyingine. Lakini kila pigo linapanda kwenye fito zote, na mimi nimezitoa zimekatika. Siungi mkono dawa hiyo hata kidogo.

Dawa ni kushusha mdomo wa pampu chini ya matundu ambayo mafuta huingilia kisimani. Viputo vya gesi hupanda katika mafuta kwa kadiri ya sentimita 15 kwa sekunde. Mafuta yakiteremka polepole kuliko hapo, gesi huachana nayo, ikatoka kwa njia yake pembeni na kukusanywa. Kama shimo halina kina cha kutosha, funga kitenganishi kizuri cha gesi, refusha mwendo wa pistoni, punguza kasi, na usiache nafasi kubwa kati ya vali mbili pistoni ifikapo chini. Ni kazi ya siku moja au mbili, na inahitaji msimamizi aliye tayari kusubiri.

Kisima chetu kilishushiwa pampu. Jumatatu iliyofuata nilikuta mipira imepoa, na ufito unaopita katikati yake unang'aa kwa mafuta.